Ilimu Haitimii Mpaka Ifikishwe

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli, lakini mkuu naye yampasa aseme likaeleweka. Wiki hii, ndugu zetu wasomaji, twawasimulia mke na mume walioishika kazi hiyo hadi mauti.

Katia na Maurice Krafft walikuwa Wafaransa wa Alsace, wataalamu wa volkano, yaani milima itemayo moto. Mke alisomea kemia, mume jiolojia. Kwa zaidi ya miaka ishirini waliiandama milima kila ilipolipuka, mmoja akipiga picha, mwenziwe akichukua filamu. Mwaka 1988 Maurice alifika hata Oldoinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, akashiriki kupima joto la lava yake.

Usiku wa tarehe 13 Novemba 1985, mlima Nevado del Ruiz wa Kolombia ulilipuka. Barafu ya kileleni ikayeyuka, tope likateremka mabondeni na kuufunika mji wa Armero. Watu zaidi ya 20,000 wakaangamia. Ramani ya hatari ilikuwa imekwisha kuchorwa; ilimu ilikuwapo, ila haikuwafikia wenyeji kwa namna ya kuwaondoa majumbani mwao.

Msiba huo uliwachoma wanandoa hawa. Wakatengeneza filamu fupi, ili hata asiyejua kusoma aone kwa macho yake lifanyalo tope, na lifanyalo wingu la majivu ya moto.

Tarehe 3 Juni 1991, wingu kama hilo liliporomoka kutoka mlima Unzen, Japani, likawaua wote wawili pamoja na watu wengine 41. Wakati huo, nchini Ufilipino, filamu yao ilikuwa ikionyeshwa kwa viongozi na wakaazi wa kandokando ya mlima Pinatubo, uliokuwa umelala kwa karne kadhaa. Waliokuwa na shaka wakaona, wakasadiki. Makumi ya maelfu wakahamishwa. Tarehe 15 Juni mlima ukalipuka kwa kishindo kikubwa. Mamia walifariki, wengi wao kwa mapaa yaliyoelemewa na majivu yaliyolowa mvua. Lakini maelfu walisalimika.

Katia na Maurice hawakuyaona matunda hayo. Walitangulia kwa siku kumi na mbili. Nasi tulio wazazi na walimu tujiulize: tuyajuayo, tumeyasema hata mtoto akaelewa? Ilimu ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe.