Weupe si Mdudu Mmoja: Jinsi ya Kuwatambua Vidung'ata

Leo tutazungumza juu ya vidung'ata, wale wadudu wadogo weupe wanaoonekana kama unga au pamba iliyonata kwenye majani na mashina. Wengine husema ni ukungu. Si ukungu, ndugu yangu. Chukua kijiti chembamba, uondoe ule unga taratibu, nawe utaona mwili laini na miguu sita.

Mara nyingi mkulima akimwona mdudu huyu huja kwangu na swali moja: "Bwana shamba, nipulizie dawa gani?" Siku hizi nami humjibu kwa swali: "Umemwona kidung'ata yupi?" Maana vidung'ata ni wa aina nyingi, na dawa ya mmoja siyo dawa ya mwingine.

Somo hili nililipata kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikwenda katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Pwani, shambani kwa mama mmoja mwenye nusu eka ya muhogo. Vilele vya muhogo vilikuwa vimejikunja na kujaa weupe. Nikawaambia wanakikundi waliokuwapo: "Pondeni kila cheupe mnachokiona." Tukaanza kwa bidii, tukiwatafuta wale wakubwa kwanza. Mama yule akaniuliza: "Bwana shamba, mbona hawa wakubwa wanakwenda mbio na wenzao wametulia?" Sikumjibu, nikaendelea kuponda. Niliporudi chuoni na kuwatazama kwa kioo cha kukuzia, nilikuta wale wakubwa si vidung'ata hata kidogo. Walikuwa watoto wa mbawakawa wanaokula vidung'ata. Tuliwaua walinzi tukawaacha wezi. Mama aliona, mimi sikutazama.

Kwa nini ni lazima kumjua

Huenda ukasema, "Mdudu ni mdudu, jina lake lanisaidia nini?" Hebu sikiliza habari hii.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kidung'ata wa muhogo alionekana kwa mara ya kwanza katika Afrika, maeneo ya Kinshasa na Brazzaville. Alitoka Amerika ya Kusini, ambako ndiko asili ya muhogo wenyewe. Huku kwetu hakukuta adui wa kumla, akaenea nchi hadi nchi. Mahali pengine mavuno yalipungua hata kwa asilimia 80, na watu walikosa chakula na mbegu.

Wataalamu walikwenda Amerika kumtafuta adui wake wa asili. Kwanza walikuta kwenye muhogo wa huko kidung'ata anayefanana naye sana, wakachukua maadui wake. Lakini maadui hao hawakuweza kuzaliana kwa kidung'ata wa Afrika. Walipochunguza vizuri wakaona sababu: yule wa Amerika alikuwa wa njano na ana madume, huyu wa Afrika ni wa rangi ya waridi, na wote ni majike. Walikuwa wadudu wawili tofauti! Ndipo mwaka 1981 mdudu mwenyewe akapatikana Paraguay, pamoja na nyigu mdogo sana anayetaga yai ndani ya mwili wake. Nyigu huyo aliachiliwa Nijeria mwaka huo huo 1981, na baadaye katika nchi nyingine nyingi zilimazo muhogo, Tanzania ikiwamo. Muhogo wa Afrika ukapona bila wakulima kununua dawa. Hans Herren, aliyeongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Umeona, ndugu mkulima? Rangi iliyofichwa chini ya unga ndiyo iliyotenganisha kazi bure na kazi yenye faida.

Mambo manne ya kutazama

Chagua mdudu mzima, aliye mkubwa kuliko wenzake waliotulia. Watoto wote hufanana, na madume ni vijidudu vyenye mabawa ambavyo ni vigumu kuviona. Mweke juu ya karatasi. Kama una kioo cha kukuzia ni vizuri. Kama huna, mwombe kijana mwenye macho makali akae nawe. Kisha tazama:

1. Rangi ya mwili baada ya kuondoa unga, na kama mgongoni kuna mistari.
2. Pindo la mwili: je, pembeni kuna nyuzi fupi za nta kama matamvua ya mkeka, au ni tupu?
3. Mkia: nyuzi mbili za nyuma ni ndefu, fupi, au hazionekani?
4. Mahali anapokaa: kileleni, chini ya jani, kwenye tunda, shinani au chini ya udongo?

Usitoe hukumu kwa jambo moja tu. Hakimu mwema husikiliza mashahidi wote.

Vidung'ata wanne wa kuwajua

Wa kwanza ni kidung'ata wa muhogo. Mwili wake ni wa rangi ya waridi, una unga mwembamba tu, na hazidi kichwa cha njiti ya kiberiti. Nyuzi za pembeni na za mkia ni fupi mno, ni kama hana. Hupenda kilele cha muhogo. Mate yake ni sumu kwa mmea: majani ya juu hujikunja na kujikusanya kama kabichi, pingili hufupika na shina hupinda. Hushambulia zaidi wakati wa kiangazi.

Wa pili ni kidung'ata mwenye mistari. Huyu ni rahisi kumjua. Mgongoni ana mistari miwili myeusi inayokwenda kwa urefu, nyuma ana mikia miwili mirefu, na mwilini ana nyuzi nyembamba zinazong'aa kama kioo. Naye hukaa kwenye muhogo, na pia kwenye mimea mingine mingi, lakini hakunji kilele kama yule wa kwanza. Ukimwona huyu, usikimbilie kung'oa shamba.

Wa tatu ni kidung'ata wa papai. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na katika Afrika ya Mashariki ni mgeni wa miaka ya karibuni. Mwili wake ni wa njano, pindo lina nyuzi fupi pande zote, na mkia ni mfupi. Hujazana chini ya majani kando ya mishipa, na juu ya matunda mpaka papai huonekana kama limefunikwa kwa pamba. Ukimtia katika spiriti kwa siku moja au mbili, hugeuka bluu iliyokoza, karibu na nyeusi. Angalia sana: huyu hushambulia muhogo pia. Kama umechanganya mipapai na muhogo, usidhani kila cheupe kwenye muhogo ni yule wa waridi. Nyigu wa kidung'ata wa muhogo hamsaidii mpapai. Kidung'ata wa papai ana nyigu wake mwingine.

Wa nne ni kidung'ata wa nanasi. Naye ni wa rangi ya waridi, lakini pembeni ana nyuzi fupi nene, na hukaa chini kabisa, kwenye vikonyo vya majani na kwenye mizizi. Utamtambua pia kwa wenzi wake, yaani sisimizi, wanaomlinda kwa sababu ya maji matamu anayotoa. Majani ya nanasi hugeuka mekundu, kisha hunyauka kuanzia ncha. Hapa hesabu yako ianze na sisimizi: wakiondoka, maadui wa kidung'ata hupata nafasi.

Wasiokuwa vidung'ata

Ukitikisa tawi na weupe ukaruka hewani, hao ni nzi weupe. Ukiona cheupe kikubwa chenye manyoya ya nta kinachotembea upesi katikati ya vidung'ata, huyo ni mtoto wa mbawakawa mdogo wa mviringo, mwenye mgongo wa kobe. Mwache, ni askari wako. Na ukiona vidung'ata waliovimba, wakawa wagumu na wa rangi ya kahawia, wengine wana tundu dogo, jua kwamba nyigu yuko kazini. Shamba lenye dalili hiyo usilipulizie dawa kali. Unga wa kidung'ata ni nta, nao humkinga na maji ya dawa. Nyigu hana kinga hiyo. Dawa itamwacha adui na kumwua rafiki.

Ukishamtambua

Kwa muhogo, chagua pingili za mbegu kutoka mashina safi, maana kidung'ata husafiri kwa mbegu na kwa upepo. Kwa papai, kata matunda na majani yaliyojaa wadudu uyafukie chini. Palipo na wachache, osha kwa maji yenye sabuni kidogo. Kwa nanasi, panda machipukizi safi na uwazuie sisimizi. Ukiwa na mashaka, weka wadudu kumi hivi katika chupa ndogo yenye spiriti, uandike zao na mahali ulipowatoa, umpelekee bwana shamba au bibi shamba wako. Usitembee na tawi lenye wadudu hai kutoka shamba hadi shamba. Utakuwa umewapandisha gari bila nauli.

Mama yule wa nusu eka tulirudi kwake kiangazi kilichofuata. Safari hiyo yeye ndiye aliyetufundisha kikundini. Alishika jani, akatuonyesha wale waliovimba wa rangi ya kahawia, akasema: "Hawa wameshahukumiwa, tusiwaguse." Na dawa hakununua.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Je, vidung'ata walioko shambani kwenu wana mistari mgongoni au hawana?
2. Wanakaa kileleni, kwenye tunda, au shinani?
3. Mmewaona askari wangapi kati yao kabla ya kufikiria dawa?