Uvimbe wa Neva Ndani ya Uti wa Mgongo: Maumivu, Upasuaji na Kupona

Shwanoma ni uvimbe unaoota kwenye ganda la neva, yaani ule uzi wa mwili unaopeleka hisia na amri baina ya ubongo na viungo, ambao watu wengi huuita mshipa wa fahamu. Jina lake linatokana na Theodor Schwann, mwanasayansi wa Ujerumani ambaye mwaka 1839 alizieleza seli zinazouzunguka uzi huo kama mpira unavyouzunguka waya wa umeme. Seli hizo zinapozaliana kupita kiasi mahali pamoja, hujikusanya na kuwa donge lenye utando wake, na donge hilo likiota kwenye mzizi wa neva ndani ya uti wa mgongo huitwa shwanoma ya uti wa mgongo. Donge hili si saratani, kwa maana halipenyi katika nyama za jirani wala halisambai hadi kwenye ini au mapafu, na kwa kawaida hukua milimita chache tu kwa mwaka.

Kauli kwamba uvimbe si saratani ni ya kweli na inafariji, lakini huwaponza wanaoichukua kuwa ruhusa ya kuahirisha matibabu. Ubaya wa shwanoma hautokani na aina ya seli zake bali na mahali ilipo: mfereji wa uti wa mgongo umezungukwa na mfupa, haupanuki kama tumbo linavyopanuka, na ndani yake umepita ugwe mgongo, kamba laini ya neva isiyozidi unene wa kidole. Uvimbe wenye ukubwa wa korosho, ambao kama ungeota begani usingemsumbua mtu kwa miaka mingi, ukiwa humo huweza kumnyima usingizi, kisha nguvu za miguu, kisha uwezo wa kuzuia mkojo.

Kwa kuwa mara nyingi huota kwenye mzizi wa nyuma wa neva, ule unaobeba hisia, dalili ya kwanza huwa ni maumivu, nayo yana tabia yake: hufuata njia moja, pengine kuuzunguka ubavu kama mkanda, pengine kushuka kutoka kalioni hadi wayoni, na huzidi usiku mgonjwa anapolala, hata wapo wanaoishia kulala wameketi kitini. Mgonjwa huchuliwa, huchomwa sindano, huambiwa ni pingili zilizosagika au vidonda vya tumbo, na miaka hupita. Si haki kuwalaumu sana watumishi wa zahanati, kwani maumivu ya mgongo huyaona kila siku, na katika Afrika Mashariki kifua kikuu cha mifupa nacho huweza kuubana ugwe mgongo. Picha ya eksirei huonyesha mifupa. Kipimo kinachouonyesha uvimbe wenyewe ni MRI, mashine itumiayo sumaku, ambayo sasa ipo katika hospitali kubwa kama Muhimbili ya Dar es Salaam na Kenyatta ya Nairobi. Baadhi ya shwanoma huonekana zina umbo la kibuyu chenye kiuno, nusu ikiwa ndani ya mfereji na nusu imejipenyeza nje kupitia tundu la neva baina ya pingili mbili.

Tiba kuu ni upasuaji, ingawa uvimbe mdogo usioleta dalili huweza kuachwa na kufuatiliwa kwa vipimo. Mwaka 1887 jijini London, Victor Horsley alitoa uvimbe wa ukubwa wa lozi uliokuwa umeubana ugwe mgongo wa mtu aliyepooza miguu, baada ya daktari mwenzake William Gowers kukisia mahali ulipo kwa kuchunguza ganzi na maumivu tu, kwani eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa, na mgonjwa huyo alitembea tena na kurudi kazini. Leo daktari bingwa hutumia hadubini kulitenga donge na nyuzi za neva zilizo nzima. Uzi uliozaa uvimbe mara nyingi hulazimika kukatwa, na wagonjwa wengi hawapotezi mengi kwa hilo, kwa sababu neva za jirani huwa zimekwisha kuichukua kazi yake taratibu.

Baada ya upasuaji mgonjwa hufundishwa kugeuka kitandani kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja, na huonywa kuwa maji maangavu yakivuja kidondani, au kichwa kikiuma kila anapoinuka na kutulia anapolala, arudi hospitali mara moja. Kazi ndefu zaidi huanzia nyumbani. Uzi wa neva ulioharibika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo hisia za wayo huweza kuchukua zaidi ya mwaka kurudi, na nyingine hazirudi. Mtu aliyepungukiwa na hisia hupoteza kandambili njiani asijue, na huyumba anapofumba macho kunawa uso, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yakimwambia miguu yake iko wapi. Huyu anahitaji taa usiku, kiti bafuni, maji ya kuoga yaliyopimwa kwa kiwiko, na mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu. Akiandikiwa amitriptilini, dawa itumiwayo kutibu sonona, asidhani ameonekana ana maradhi ya akili, kwani dawa hiyo hutuliza pia maumivu ya neva. Anahitaji vilevile jamaa wanaoelewa kwamba kovu lililofunga mgongoni si ushahidi wa kupona; kumwambia mtu wa namna hii kwamba anadeka ni kumdhulumu.

Uvimbe ukitolewa wote ni nadra kurudi, ila vipimo vya MRI huendelea kwa miaka kadhaa, na mwenye vivimbe vingi huchunguzwa kama ana ugonjwa wa kurithi unaotokana na hitilafu ya jeni iliyo katika kromosomu ya 22. Yeyote ambaye maumivu ya mgongo yanamwamsha usiku na mguu umeanza kufa ganzi aombe kupelekwa kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, na ambaye mkojo umemziba ghafla au sehemu za siri zimekufa ganzi afike hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho.