Lugha ya Uanagenzi katika Karakana za Nairobi

Neno mwanagenzi limo katika kamusi, ila katika karakana za Nairobi ni nadra kulisikia. Kijana aliyepelekwa kwa maseremala wa Barabara ya Ngong, karibu na Dagoretti Corner, au kwa makanika wa Barabara ya Kirinyaga katikati ya jiji (ambako jina la kale la Grogan lingali midomoni mwa watu), husemwa tu kwamba anajifunza kazi. Hana daftari wala ratiba.

Mafunzo yake huanza kwa kutumwa. Spana huagizwa kwa namba pekee, na mara nyingi namba hiyo ni ya Kiingereza iliyotanguliwa na "leta". Mwanzoni huleta asiyotakiwa. Hatimaye jicho huzoea, akaijua boliti ya milimita 8 kuwa kwa kawaida hutaka spana ya 13, na ile ya 10 kutaka ya 17.

Wachumi wamewatazama mafundi hawa tangu ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 juu ya ajira nchini Kenya. Mwanaisimu naye ana lake la kutazama, na si majina ya vifaa tu. Randa, patasi na msasa zimekwisha kuingia kamusini. Utajiri umo katika vitenzi. Fundi akisema injini "inakula" oili, amekwisha kuitenga na ile "inayovuja": ya kwanza huiunguza oili ndani, ya pili huiacha chini. Tofauti ya vitenzi hivyo viwili ni uchunguzi kamili wa ugonjwa, na mwanagenzi huupokea pamoja na lugha, bila kuambiwa kwamba amefundishwa.

Vyuo vya ufundi, hata hivyo, hufundisha kwa Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pia. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu ilifungua mlango wa kuyatambua maarifa yaliyopatikana nje ya darasa. Lakini mtahini anayemhoji fundi kama huyu kwa Kiingereza hupima mambo mawili kwa kipimo kimoja, na fundi akinyamaza, hajulikani kilichompungukia ni ujuzi wa injini au ni neno la kuutajia. Swali hilohilo likiulizwa kwa "kula" na "kuvuja", huenda likajibiwa kabla halijakwisha.