Ngano za Redio, Katuni za Kioo

Nanganga, penye njia panda ambapo barabara ya Ruangwa na Nachingwea hujitenga na ile iendayo Masasi, bibi na mjukuu wa aila moja aghalabu hawana kumbukumbu moja ya utotoni, kwa sababu Tanzania Bara ilikaa bila ya televisheni hadi 1994, ilhali Unguja walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu 1973. Waliolelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam humtaja kwa taadhima Deborah Mwenda wa kipindi cha Mama na Mwana, ambaye kwa ajili ya ngano zake betri zilizokwisha nguvu zilianikwa juani tangu asubuhi, na ole wake mtoto aliyezichezea! Wajukuu wao wana Ubongo Kids, iliyoanza 2014, ifundishayo hesabu kwa nyimbo na katuni zilizobuniwa Dar es Salaam, na wana katuni ya Akili, binti wa miaka minne akaaye karibu na Mlima Kilimanjaro. Kwa rai yangu, katuni hizi zinawafaa kuliko nyingi zitokazo ng'ambo, maadamu zinasema Kiswahili. Na bibi, ajidaiye kuchambua mchicha tu, huzifuatilia kwa pembe ya jicho.