Mzee wako, bima, na huyu "broka" tunayemtukana kila siku

Uzi mrefu kidogo, vumilieni.

Kila mjadala wa bima ya afya ukianza huku, dakika kumi haziishi kabla mtu hajaandika, "Mabroka ndio wanatumaliza." Mwingine anamjibu, "Si uchukulie wazazi wako bima ya kampuni, uachane na hii ya serikali?" Hizo sentensi zote mbili nimewahi kuziandika mimi mwenyewe. Halafu mama yangu akafikisha miaka 66 na ikabidi nimtafutie kava. Sitataja chama wala mwanasiasa. Nataka tu tukibishana, tujue tunabishania nini.

Tuanze na hilo neno. Kenya hii broka ni kama tusi: broka wa mashamba, broka wa ng'ombe, yule mtu wa katikati anayekula pande zote. Kwenye bima kuna watu wawili tofauti na sisi huwachanganya. Ajenti anauza kwa niaba ya kampuni ya bima. Broka anapaswa kukuwakilisha wewe mteja: anazunguka kampuni kadhaa, anakuletea bei, anakusomea masharti, na dai lako likikwama anakufuatilia. Wote wawili lazima wawe na leseni ya IRA, ile mamlaka inayosimamia bima, na leseni hiyo ni ya mwaka mmoja mmoja. Orodha ya walio na leseni hutolewa kwa umma. Iangalie kabla hujatoa hata shilingi.

Wote wawili pia hulipwa kamisheni na kampuni, kutoka kwa hela ulizolipa wewe. Kwa hivyo mtu akikuambia huduma ya broka ni bure, mwulize bure kivipi. Hapo wanaolalamika wana hoja: anayekuchagulia kava analipwa na anayeuza kava. Haimaanishi ni mwizi. Inamaanisha umwombe akuonyeshe bei za kampuni tatu hivi, sio moja, na akueleze kwa nini anaisukuma hii na kuiacha ile.

Mimi mara ya kwanza sikujua tofauti yoyote. Nilimpata ajenti, kijana mchangamfu sana, tukajaza fomu kwa simu. Mama yuko Voi, anauza mboga, na presha amekuwa nayo miaka sita. Tulipofika swali la maradhi, kijana akasema, "Weka hapana, boss. Hiyo presha kila mzee ako nayo." Nikaweka hapana. Mkono ulikuwa wangu, siwezi kujificha nyuma ya mtu.

Miezi mitano baadaye mama akalazwa. Kampuni ikaomba faili yake, ikakuta dawa za presha zimeandikwa humo tangu zamani, na dai likakataliwa. Kisheria walikuwa sawa: mkataba wa bima unasimama juu ya ukweli wa ile fomu, na ukificha jambo zito, kampuni inaweza kuukana. Yule kijana simu hakushika tena. Tukafungua kikundi cha WhatsApp cha mchango. Shangazi yangu, ambaye hajawahi kuniomba kitu, aliuza mbuzi wawili.

Mwaka uliofuata nikaenda kwa broka, mama mmoja wa makamo. Hakuanza na bei. Alimpigia mama yangu moja kwa moja: "Shikamoo mama. Unameza dawa gani asubuhi? Na jioni? Umewahi kulazwa? Ukiugua usiku unapelekwa hospitali gani?" Mama akamwambia hadi mambo ambayo sisi watoto hatukuyajua, kama ile sukari aliyoambiwa "inaanza anza."

Hapo ndipo nilielewa kwa nini ule ushauri wa "chukua bima ya kampuni" ni mwepesi kutoa ukiwa na miaka 30. Kampuni nyingi zina umri wa mwisho wa kuingia kama mteja mpya, mara nyingi 60 au 65. Ukipita hapo unabaki na kava chache za wazee, na bei hupanda kadiri umri unavyopanda. Maradhi uliyokuja nayo yana muda wa kungoja, mara nyingi mwaka mzima, kabla hayajalipiwa. Na hata yakianza kulipiwa, huwa yana kikomo chake, kidogo kuliko ile hela kubwa iliyoandikwa kwenye tangazo. Kava inaweza kusema milioni moja, lakini ya presha na sukari ni sehemu tu ya hiyo milioni. Huo mstari uko ndani, ukurasa ambao hakuna anayefungua.

Yule broka alituomba tuulize pia: hospitali iliyo karibu na mama iko kwenye orodha yao? (Moja ya zile kava tatu hospitali zake karibu zote zilikuwa Nairobi. Presha ikipanda Voi saa nane usiku, Nairobi itamsaidia nini?) Na kava inakoma mtu akifika miaka mingapi? Kumlipia mzee miaka minane halafu anatolewa anapoihitaji zaidi ni maumivu.

Halafu akasema kitu ambacho hakimletei kamisheni hata kidogo: "Kwanza mlipie SHA."

SHA ilianza kazi Oktoba 2024, ikachukua nafasi ya NHIF, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi, kama mama, anapimwa mapato ya nyumba yake, na hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Kitu wengi hawajui: mchango wako wewe unafunika mke au mume na watoto. Mzazi hayumo. Lazima ajisajili mwenyewe, kwa *147# au mtandaoni, na alipiwe kivyake. Kujisajili peke yake kunamfungulia zahanati na kituo cha afya, lakini akipelekwa hospitali kubwa kulazwa, wataangalia kama mchango umelipwa.

Ina matatizo, na mengi mnayoyaandika hapa ni ya kweli. Lakini haimuulizi mama ana miaka mingapi wala haimkatai kwa sababu ya presha. Hakuna kampuni iliyoniambia hivyo.

Sasa rudini kwenye mdahalo. Mtu akisema kava ya wazee ipo na ni nafuu, fanya hesabu ya ile pesa ya Inua Jamii: mzee wa miaka 70 anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kiwango cha chini kabisa cha SHA ni 3,600 kwa mwaka, na wasio kwenye ajira rasmi hulipa ya mwaka mzima kwa mpigo. Hiyo ni karibu miezi miwili bila kula. Sheria inasema serikali iwalipie wasiojiweza. Kwa hivyo swali la kumuuliza yeyote anayeomba kura ni hili: kwenye wadi yetu, nani amehesabiwa kuwa hajiweze, na nani alimhesabu? Kelele za mabroka hazijibu hilo.

Mama sasa ana SHA iliyolipwa, na juu yake kava ndogo ya kulazwa peke yake, hospitali ya Voi ikiwemo. Kwenye fomu tuliandika presha, tukaandika na ile sukari inayoanza anza. Bei ilipanda. Muda wa kungoja unaisha Machi, na kila Jumapili nikimpigia huniuliza imebaki wiki ngapi.