Wa Kwanza Alizaliwa Mzima

Walikuja watatu siku ile: mke, mume na mama mkwe. Mke alikaa, mama mkwe akakaa, mume akabaki mlangoni ameshika bahasha ya kaki. Aliyeanza kusema ni mama mkwe.

"Sista mwanangu, huyu alituzalia wa kwanza mzima, sasa ana miaka sita, anasoma. Wa pili akafa siku ya tatu, rangi imemgeuka kama kapakwa manjano. Wa tatu kafia tumboni, mimba ya miezi saba. Kizazi kilichozaa mtoto mzima kimeharibiwa na nani?"

Nimefanya ukunga miaka 27, mingi nikiwa mkoani Tanga, na swali hilo nimelisikia kwa namna nyingi. Wengine husema mwanamke kafungwa. Wengine husema ni chango. Yuko aliyeninong'oneza mwenyewe, machozi yakimtoka, kwamba Mungu anamwadhibu kwa mimba aliyoitoa akiwa msichana. Linalowatesa wote ni lile lile: wa kwanza alizaliwa mzima. Angekuwa hazai kabisa, watu wangesema ni maradhi. Akizaa mmoja mzima halafu wanaofuata wakafa, watu hutafuta mchawi.

Nikamwomba mume ile bahasha. Ndani mlikuwa na kadi tatu za kliniki, moja kwa kila mimba. Kwenye kadi ya kwanza, palipoandikwa "kundi la damu" hapakujazwa kitu. Ya pili iliandikwa herufi O peke yake. Ya tatu iliandikwa O na pembeni yake kistari kifupi kama kope. Hicho kistari ndicho kilichokuwa na jibu la miaka yote sita, na hakuna aliyewahi kuwaeleza maana yake.

Watu wengi wanajua herufi zao: A, B, AB au O. Makundi hayo, isipokuwa AB, aliyagundua Karl Landsteiner kule Vienna mwaka 1901. Ile alama inayofuata, ya kujumlisha au ya kutoa, ni habari nyingine. Inasema kama chembe zako nyekundu za damu zina kitu kiitwacho D juu yake au hazina. Ukiwa nacho wewe ni chanya, huna ni hasi. Mitaani tunasema pozitivu na negativu. Kwetu Afrika Mashariki walio hasi ni wachache, watu watatu, wanne, mara watano katika kila 100, ilhali kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama 15 katika 100. Uchache huo ndio unaotuponza. Mkunga anaweza kupitisha wiki nzima bila kukutana na hasi hata mmoja, na mkono ukazoea kuandika herufi tu.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko kuchemsha chai. Mtu wa maabara anachukua kigae cheupe, anadondosha matone matatu ya damu, kisha juu ya kila tone anaweka dawa: ya kwanza ya bluu, ya pili ya njano, ya tatu haina rangi, kama maji. Anachanganya kwa kijiti, anakiinua kigae na kukiyumbisha taratibu huku na huku. Tone lenye kile kinachotafutwa hukatika kama maziwa yaliyotiwa ndimu, linafanya madonge. Lisilonacho hubaki laini, jekundu, linateleza. Tone la tatu, lile la dawa isiyo na rangi, ndilo la D. Dakika mbili zinatosha.

Nikamweleza mama mkwe hivi. Mke wa mwanao ni hasi. Mwanao, nikikisia, ni chanya. Mtoto wa kwanza akarithi chanya ya baba yake. Kwa miezi tisa damu ya mama na ya mtoto hupita jirani kwenye kondo la nyuma, zinapeana chakula na hewa bila kuchanganyika sana. Lakini siku ya kujifungua kondo likibanduka, damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama. Mwili wa mama haujawahi kuiona hiyo D, unaiona ngeni, unatengeneza kingamwili za kuiondoa. Unahitaji muda kuzitengeneza, na wakati huo mtoto wa kwanza yuko mgongoni kwa bibi yake, hana habari. Ndiyo maana alizaliwa mzima.

"Unakumbuka ulivyowapeleka wanao chanjo ya surua?" nikamuuliza. "Mwili ukishachanjwa hausahau." Mtoto wa kwanza alikuwa kama chanjo dhidi ya wadogo zake. Mimba ya pili ikija na damu chanya, zile kingamwili zinavuka kondo na kuvunja chembe nyekundu za mtoto. Mtoto anaishiwa damu tumboni. Moyo wake unachoka, mwili unajaa maji, wengine hufa humo humo. Anayezaliwa hai anakuja na mabaki ya chembe zilizovunjika, ile bilirubini inayopaka ngozi na macho umanjano, na ikizidi inaingia kwenye ubongo.

Yule mume mlangoni akasema kwa mara ya kwanza: "Kwa hiyo ni damu yangu inayoua?"

"Baba, hapa hakuna mwenye kosa," nikamwambia. Nilimtolea kiti akakaa karibu na mkewe. Neno hili, "damu zetu haziendani", nalichukia kwa jinsi linavyotumika. Nimeona uchumba unavunjwa kwa ajili yake, na nimeona mwanamke anarudishwa kwao na masanduku yake. Damu ya mume na ya mke hazikutani popote. Zinazokutana ni ya mama na ya mtoto, na shida hii hutokea pale tu mama akiwa hasi na mtoto chanya. Mama chanya na baba hasi hawana tatizo hili. Wote wawili hasi, hawana. Wenye kundi moja la damu wanaoambiwa eti hawatazaa wanadanganywa. Wengine huchanganya na sikoseli, ambayo ni jambo jingine kabisa: huko wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Hiyo inastahili kipimo chake na mazungumzo yake.

Haya hayakujulikana mpaka juzi juzi tu. Mwaka 1939 madaktari wawili wa Marekani, Levine na Stetson, walieleza habari za mama mmoja aliyezaa mtoto mfu, kisha akaongezewa damu ya mumewe yenye kundi sawa na lake, akaugua vibaya. Mwaka uliofuata Landsteiner yule yule, na mwenzake Wiener, wakaipa alama hiyo jina la kima aina ya rhesus waliowatumia katika uchunguzi. Fikiria vizazi vyote vilivyopita kabla ya hapo, na wanawake wangapi waliitwa wachawi wa watoto wao wenyewe.

Dawa ilipatikana miaka ya 1960, kwa watafiti wa New York na wa Liverpool waliofanya kazi kwa wakati mmoja, na mwaka 1968 ikaruhusiwa kuuzwa Marekani. Ni sindano iitwayo Anti-D. Inazikuta chembe za mtoto zilizoingia kwa mama na kuzimaliza kabla mwili wa mama haujajifunza kuzichukia. Bila sindano, kama akina mama 16 katika kila 100 walio hatarini hutengeneza kingamwili. Wakichomwa baada ya kujifungua wanabaki mmoja au wawili. Wakichomwa na wiki ya 28 pia, hawafiki hata mmoja.

Sindano hiyo hutoka katika damu ya watu. Napenda kuwasimulia akina mama habari za James Harrison wa Australia. Akiwa na miaka 14 alipasuliwa kifua, akaokolewa kwa damu ya watu asiowajua, akaweka nadhiri ya kuchangia akikua. Alianza mwaka 1954. Damu yake ikakutwa na kingamwili hizi hizi kwa wingi wa ajabu, naye akachangia mara 1,173, mpaka mwaka 2018 alipofika umri wa miaka 81 ambao sheria za kule hazikumruhusu mtu kuendelea. Shirika la damu la nchi yake linakadiria michango yake ilisaidia watoto milioni 2.4. Hakuwahi kupenda kuitazama sindano ikiingia mkononi. Alifariki mwaka 2025.

Sindano hii ina saa zake. Mama hasi akizaa mtoto chanya, achomwe ndani ya saa 72. Hapa ndipo familia nyingi zinapokwama, maana zahanati nyingi hazina, na mume anatumwa mjini duka la dawa kuitafuta dawa ya bei kubwa inayotakiwa kukaa kwenye baridi. Anapita duka moja baada ya jingine, Ijumaa inakuwa Jumatatu. Kwa hiyo mimi siku hizi mama hasi nikimpata, hata mimba ikiwa ya miezi mitatu, nawaita wote wawili: kuanzia leo mnaweka akiba ya sindano mbili, na mniambie mtazinunua wapi.

Na kuna mimba zinazosahaulika. Nikiwa bado kijana kazini, katika wodi niliyokuwamo tulimpokea binti wa miaka 20, mimba yake ya kwanza, miezi minne, imetoka. Alisafishwa, akanywa chai, akalala usiku mmoja. Asubuhi mimi ndiye niliyemwandikia ruhusa. Nilimshika mkono nikamwambia utapata mwingine. Sikutazama kundi lake la damu. Miaka mitatu baadaye nilimwona tena, mtoto wake wa kwanza kumzaa akiwa amevimba maji mwili mzima, hakulia hata mara moja. Watu wakasema huyu hana hata hiyo bahati ya wa kwanza mzima. Wa kwanza alikuwa yule wa miezi minne, nami nilimruhusu mama yake aende zake bila sindano.

Tangu hapo mimba ikitoka, ikiwa nje ya kizazi, mama akianguka au akipigwa tumbo, akitokwa damu katikati ya ujauzito, swali langu la kwanza ni alama ya damu. Kwa mimba changa, chini ya wiki 12, miongozo mingine siku hizi inasema sindano si lazima. Hilo daktari ataamua. Mimi naomba tu liamuliwe na mtu aliyeijua alama hiyo.

Mama hasi ana hatari nyingine ambayo haizungumzwi: yeye mwenyewe akivuja damu wakati wa kujifungua, damu ya kumfaa ni adimu benki. Nawaambia waje na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe mapema, maana hasi hutembea katika ukoo.

Na kwa akina mama wa kundi O, hata walio chanya, wakizaa mtoto wa A au B, umanjano unaweza kumpata hata mtoto wa kwanza. Mara nyingi ni mwepesi. Lakini mtoto akigeuka manjano ndani ya saa 24 za mwanzo, kimbieni hospitali. Kwa ngozi zetu usitazame shavu. Bonyeza fizi kwa kidole kisafi, tazama weupe wa macho, tazama nyayo. Taa ya bluu ya hospitali inaokoa, na umanjano ukizidi atabadilishwa damu. Kumwanika jua la asubuhi na kungoja kumewaacha watoto niliowajua wakiwa viziwi, na wengine hawakuweza kuikaza shingo.

Wale watatu niliwapa rufaa. Mume alipimwa, ni chanya kweli. Mke alipimwa kingamwili, zilikuwepo tayari, kwa hiyo Anti-D haikuwa na kazi tena kwake. Sindano hiyo huzuia, haifuti. Alipobeba mimba ya nne alifuatwa hospitali kubwa kwa ultrasaundi, wakipima mwendo wa damu kwenye kichwa cha mtoto kujua kama anaishiwa damu. Wiki zikapita, mtoto hakuishiwa. Alizaliwa mvulana, analia kwa hasira. Damu yake ilipopimwa ilikuwa hasi kama ya mama yake; kingamwili hazikuwa na cha kushambulia.

Mama mkwe alikuja kunishukuru na kuku wawili, lakini alikuwa na swali. Mwanawe ni chanya, hasi ya mjukuu imetoka wapi? Nikamwambia mtu hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama, chanya huifunika hasi isionekane. Mwanawe anaibeba hasi chini ya chanya yake, na alipewa na mmoja wa wazazi wake.

"Yaani iko kwetu?"

"Inaweza kuwa kwako, mama, au kwa marehemu mzee."

Akanyamaza. Wiki iliyofuata alirudi na binti yake wa mwisho, mimba ya kwanza, miezi mitano, anacheka cheka kwa aibu. Mama mkwe alivaa miwani akasimama nyuma ya kijana wa maabara, akainama juu ya kigae mpaka mtandio wake ukagusa meza. Tone la kwanza likakatika. La pili likabaki laini. Kigae kikayumbishwa huku na huku. La tatu likabaki laini.

"Hasi," akasema yeye, kabla ya kijana. Kisha akanigeukia akaniuliza wiki ya 28 inaangukia tarehe ngapi.