Mashine ya kufulia: angalia maji na umeme wa nyumbani kwako kabla ya kulipa

Umeuza mahindi au korosho, fedha iko mkononi, na nyumbani mmekubaliana kwamba safari hii mnunue mashine ya kufulia. Ni uamuzi mzuri. Nguo za familia ya watu sita humaliza Jumamosi nzima ya mama na binti zake, na mgongo hauwaachi salama. Lakini zipo nyumba ambazo mashine imegeuka meza ya kuwekea ndoo, kwa sababu ilinunuliwa kwa kutazama uzuri wake dukani. Anza na maswali mawili: maji yako yanatoka wapi, na umeme wako ni wa aina gani?

Aina tatu utakazokuta dukani

Ya kwanza ni mashine ya mapipa mawili, ambayo wauzaji huiita semi-otomatiki. Pipa moja linafua, jingine linakamua. Maji unaweza kumimina kwa ndoo, na nguo unazihamisha mwenyewe kutoka pipa moja hadi jingine. Kwa kawaida ndiyo yenye bei nafuu kuliko zote.

Ya pili ni otomatiki inayofunguliwa juu. Inavuta maji, inafua, inasuuza na kukamua yenyewe. Inapenda maji mengi: mzunguko mmoja unaweza kumaliza lita 100 au zaidi, yaani ndoo tano kubwa za lita 20.

Ya tatu ni otomatiki inayofunguliwa mbele. Hutumia maji machache, mara nyingi lita 40 hadi 60, na ni mpole kwa nguo. Lakini nyingi zina hita ya kuchemsha maji inayokula umeme wa wati 2,000 hivi. Pia inataka sabuni yenye povu dogo. Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono huijaza povu mpaka ikagoma.

Maji

Mashine za otomatiki zinahitaji maji ya bomba yenye msukumo. Kama unatumia tenki, nyingi hutaka tenki liwe juu ya mashine kwa mita 3 hadi 5 au zaidi. Tenki lililokaa chini uani halitoshi, na mashine itasimama ikisubiri maji.

Kama maji yako ni ya kisima, ya mvua au ya kununua kwa dumu, mapipa mawili ndiyo yanayokufaa. Faida yake kubwa ni kwamba maji ya sabuni unaweza kuyatumia tena. Anza na nguo nyeupe, fuata za rangi, malizia na za shambani. Zikamue kabla ya kuzisuuza ili sabuni itoke kwanza, na maji ya kusuuzia yatapungua. Maji yenye tope yaache yatulie, kisha yachuje kwa kitambaa.

Umeme

Mashine ya mapipa mawili hutumia kama wati 300 hadi 400 inapofua. Ukifua mara 12 kwa mwezi, unatumia uniti 2 hivi. Inayofunguliwa mbele, ukifua kwa maji ya moto, inaweza kula karibu uniti 1 kila mara, yaani kama uniti 12 kwa mwezi.

Kwa Tanzania hesabu hii ina uzito. Mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, yaani D1, ana kikomo cha uniti 75 kwa mwezi. Akikipita, uniti za ziada huuzwa kwa bei kubwa zaidi.

Umeme ukiwa unapanda na kushuka, mashine yenye vioo vya namba na vitufe vya kugusa huungua kwa urahisi, na bodi yake ni ghali. Ile ya kuzungusha kitasa ina vifaa vichache, na fundi wa mjini kwenu anaweza kuifungua. Kama unatumia sola, muulize fundi kwanza: mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa kwenye kibati, na inveta ndogo hukata.

Jihadhari pia na mashine za mtumba. Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, wakati umeme wetu ni volti 230.

Je, ununue na ya kukaushia?

Mashine ya kawaida ya kukaushia kwa joto hutumia uniti 3 hadi 4 kwa mkupuo mmoja. Ukikausha mara 12 kwa mwezi, ni uniti 36 hadi 48. Hapo umemaliza kati ya nusu na theluthi mbili hivi ya kikomo cha D1, wakati jua linakausha bure. Zipo zinazofua na kukausha kwa pamoja, lakini soma vizuri: inayofua kilo 8 mara nyingi hukausha kilo 5 tu.

Kwa nyumba nyingi, pipa la kukamulia linatosha. Nguo iliyokamuliwa vizuri haichuruziki maji, na hata kipindi cha masika hukauka haraka ikipata upepo. Ianike juani. Wapo inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, na funza wake huingia kwenye ngozi. Nguo isiyopata jua ipige pasi ya moto pande zote, hasa ya mtoto mchanga.

Ukifika dukani

Kilo zilizoandikwa ni za nguo kavu, na pipa la kukamulia kwa kawaida hubeba pungufu ya lile la kufulia. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, afue na kukamua. Uliza vipuri na fundi wanapatikana wapi, kisha chukua risiti na karatasi ya garantii yenye mhuri.

Nyumbani, iweke sehemu tambarare isiyonyeshewa, kwenye soketi yenye waya wa ardhini. Usiguse plagi kwa mikono yenye maji. Usiingize mkono kwenye pipa la kukamulia kabla halijasimama kabisa, na watoto wakae mbali nalo.

Kabla ya kusafiri kwenda kununua, pima mambo matatu: idadi ya ndoo za maji unazoweza kupata siku ya kufua, urefu ambao tenki lako limeinuliwa, na uniti unazonunua kwa mwezi. Ziandike kwenye simu yako na umsomee muuzaji. Mashine isiyolingana na namba hizo, hata ikiwa kwenye punguzo, iache dukani.